Sikio la Kwanza: Vijana, Siri za Mwili na Wanaozipokea

Mwaka 1958 mwanasaikolojia Sidney Jourard, mzaliwa wa Toronto, pamoja na mwenzake Paul Lasakow, walichapisha matokeo ya hojaji waliyowagawia wanafunzi wa vyuo vya Alabama, kusini mwa Marekani. Hojaji hiyo ilikuwa na vipengele 60, na hakuna hata kimoja kilichomtaka mtu aitoe siri yake. Kila kipengele kilitaja jambo tu: muziki anaoupenda, imani ya dini, madeni, umbo ambalo angetamani kuwa nalo, wasiwasi wake kuhusu tendo la ndoa. Kisha mwanafunzi akaulizwa amewahi kumweleza nani jambo hilo, na kwa kina gani. Mama? Baba? Rafiki wa kiume, rafiki wa kike, au mwenzi wake wa ndoa?

Majibu yalijitenga katika mafungu mawili. Ladha, maoni na masomo yalisemwa bila taabu. Fedha, tabia za ndani na mwili vilibanwa. Wasichana walisema zaidi kuliko wavulana, na kati ya wote waliotajwa, mama ndiye aliyeongoza kwa kuambiwa. Mtu aliyekulia Tanga au Kisumu hatashangaa kusikia kwamba hata Alabama deni na mwili vilifichwa mahali pamoja.

Miaka 6 baadaye Jourard alitoa kitabu kilichompa jina, The Transparent Self, akisisitiza kwamba binadamu hawezi kujijua sawasawa mpaka ajieleze kwa binadamu mwingine, na kwamba anayejificha siku zote hujichosha mpaka akaugua. Wazo hilo limesambaa tangu wakati huo na leo limekuwa agizo. Kijana anaambiwa redioni, kwenye semina na kwenye simu yake: funguka, toa ya moyoni, usikae nalo. Lakini nusu ya hojaji ya Jourard imeachwa njiani. Hakutaka kujua tu kama mtu amesema. Alitaka kujua amemwambia nani.

Mhadhara huu unaishika nusu hiyo iliyoachwa. Kijana anaweza kuwa anabeba penzi asilolielewa, mimba, maambukizi, ukatili aliotendewa, au mvuto asioweza kuutaja nyumbani kwao. Hali yake baada ya kulisema jambo hilo inategemea sana mtu wa kwanza aliyemwambia, na mtu huyo huwa hajaandaliwa.

Kwanza lazima itolewe haki kwa wale waliothibitisha kwamba kunyamaza kunaumiza, maana ushahidi wao ni mzito. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, aliufikia bila kuutafuta. Alikuwa akichunguza dalili za maradhi ya kawaida kwa wanafunzi, na kati ya maswali mengi kulikuwa na moja lililouliza kama mtu aliwahi kupatwa na tukio la kingono lililomuumiza kabla ya kutimiza miaka 17. Waliojibu ndiyo walikuwa na maradhi mengi kuliko wenzao. Swali hilo hilo lilipopelekwa kwa wasomaji wa jarida la Psychology Today, watu wapatao 24,000 walijibu. Asilimia 22 ya wanawake na asilimia 11 ya wanaume walisema ndiyo, na hao nao waliripoti maradhi zaidi na kulazwa zaidi. Pennebaker alipowachunguza kwa karibu aliona kwamba wengi wao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Akaanza kushuku kwamba maumivu yana vyanzo viwili, tukio lenyewe na kazi ya kulificha.

Ndipo yeye na Sandra Beall wakafanya jaribio lililochapishwa mwaka 1986. Wanafunzi 46 wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist, Dallas, waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Wengine walipewa mada zisizo na uzito. Wengine waliandika juu ya tukio baya kabisa la maisha yao: baadhi matukio tu, baadhi hisia tu, na baadhi vyote viwili pamoja. Waliochanganya matukio na hisia walitoka chumbani wakiwa na huzuni kuliko walivyoingia, na shinikizo la damu limepanda. Lakini katika miezi 6 iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wale walioandika mambo mepesi. Miaka miwili baadaye Pennebaker alishirikiana na Janice Kiecolt-Glaser na Ronald Glaser kupima damu ya wanafunzi 50, na ikaonekana kwamba hata chembechembe za kinga za waliojieleza zilifanya kazi vizuri zaidi.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kinachochosha katika siri ni nini hasa. Michael Slepian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walikusanya siri zaidi ya 13,000. Mtu wa kawaida alikuwa na siri 13 kwa pamoja, na 5 kati ya hizo hakuwa amemwambia kiumbe yeyote. Wengi hudhani uchungu wa siri uko kwenye ile saa ya kuulizwa na kukwepa. Slepian aliona kwamba saa hizo ni chache, na si hizo zinazomnyong'onyeza mtu. Kinachomnyong'onyeza ni mawazo yanayoirudia siri akiwa peke yake: anaoga, anasubiri daladala, anajaribu kusoma kwa ajili ya mtihani. Huu ni ugunduzi wenye maana kubwa kwa mzazi anayesema, "Mbona sijamuuliza chochote, kwa nini amekonda?"

Hapo wengi huishia. Wangeendelea kusoma, wangekuta mambo yanayotakiwa kusikika kwa sauti ile ile.

Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alijumlisha majaribio 146 yaliyofuata njia ya Pennebaker. Faida ipo, lakini kwa wastani ni ndogo. Huko Uingereza, Richard Mayou na wenzake wa Oxford waliwafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani. Baadhi walikuwa wamehojiwa kwa kina mara tu baada ya ajali, wakatakiwa kusimulia kila kitu na kueleza hisia zao zote, kwa imani kwamba kuyatoa mapema kungewakinga. Miaka 3 baadaye wale waliokuwa na hofu kubwa mwanzoni na wakahojiwa namna hiyo walikuwa bado wanateseka, ilhali wenzao wenye hofu kama hiyo ambao waliachwa walikuwa wamepata nafuu. Kumkamua mtu maneno kabla hajawa tayari kumewadhuru watu halisi, na kila mwalimu anayemsimamisha mwanafunzi mbele ya darasa "aeleze kilichompata" anapaswa kulijua hilo.

Matokeo ya Steve Cole na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ndiyo yanayofikirisha kuliko yote. Mwaka 1996 walichapisha habari za wanaume 80 wanaovutiwa na wanaume wenzao, wote wakiishi na virusi vya UKIMWI, waliofuatiliwa kwa miaka 9 tangu enzi ambazo dawa zilikuwa haba. Waliokuwa wakiuficha mvuto wao walizidiwa na ugonjwa haraka kuliko waliojulikana. Matokeo hayo yalitangazwa sana. Mwaka uliofuata watafiti hao hao wakatoa makala ya pili, isiyosemwa sana. Safari hii waliwatenganisha wanaume waliokuwa wepesi wa kuumizwa na kukataliwa na wale wasio hivyo, wakaona kwamba kwa wale wa kwanza kujificha hakukuleta madhara yale; kulionekana kama kunawakinga. Mwili haukuwa unapima ukweli peke yake. Ulipima pia gharama ya kukataliwa.

Kutoka hapo ni hatua moja tu kufika kwa msikilizaji. Sarah Ullman wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, ametumia miaka mingi kuchunguza wanawake waliobakwa na majibu waliyopata waliposema. Lawama, kunyang'anywa uamuzi, kutazamwa kama mtu aliyeharibika: majibu ya aina hiyo yanakwenda sambamba na dalili kali zaidi za kiwewe. Courtney Ahrens naye alieleza mwaka 2006 jinsi jibu baya la kwanza linavyoweza kumrudisha mtu kwenye ukimya, wakati mwingine kwa miaka. Mhanga alifanya kila alichoshauriwa: alijikaza, akasema. Kosa lilifanyika upande wa pili wa mazungumzo.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kufanya utafiti wa kitaifa ulioihusisha nchi nzima, Bara na Zanzibar, kuhusu ukatili dhidi ya watoto wa kike na wa kiume. Waliohojiwa walikuwa vijana wenyewe, wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kenya ilifanya utafiti kama huo mwaka 2010 na kupata asilimia 32 kwa wasichana na 18 kwa wavulana. Katika utafiti wa Tanzania, karibu nusu ya wasichana waliotendewa hawakumwambia mtu. Kwa wavulana, walionyamaza walikuwa kama theluthi mbili. Msichana 1 tu kati ya 5 alitafuta huduma, na kama 1 kati ya 10 ndiye aliyeipata.

Tazama jinsi idadi inavyopungua hatua kwa hatua. Nusu walisema, moja ya kumi walihudumiwa. Kwa hiyo wako wasichana wengi waliokwisha kujieleza, na mazungumzo yakaishia uani, kwa mama aliyeogopa kumvunjia mwanawe jina, au kwa shangazi aliyesema jambo limalizwe kifamilia. Kuwaambia mabinti hao wafunguke ni kuwaonea. Wavulana nao wana ukuta wao: wamelelewa kwa neno "jikaze", na mvulana aliyeguswa na mtu mzima huogopa kwamba akisema atageuzwa yeye kuwa mtuhumiwa.

Saa nazo hazisubiri. Dawa za kumkinga mtu na virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi ya siku 5. Ndugu anayetumia siku tatu kuuliza binti alikuwa amevaa nini na alifuata nini kule ametumia siku za matibabu.

Yapo pia mambo yanayomfanya kijana anyamaze ambayo si woga hata kidogo. Ni hesabu sahihi. Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania aliyegundulika na mimba alifukuzwa shule, na katika shule nyingi wanafunzi walipimwa mimba bila kuulizwa. Katika hali hiyo, kumwambia mwalimu kulimaanisha mwisho wa masomo, na msichana aliyenyamaza alikuwa na akili timamu. Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba waliokatisha masomo kwa kujifungua wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Mwaka uliofuata utafiti wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, kutoka asilimia 27 katika utafiti wa 2015 na 2016. Kwa hao wote tangazo lile lilibadilisha maana ya sentensi moja, "Mwalimu, nina mimba," zaidi kuliko ambavyo semina yoyote ya kujiamini ingeweza kufanya. Kenya nayo ilikuwa na kifungu cha 24 cha sheria ya UKIMWI kilichomlazimisha mwenye virusi kumjulisha anayekutana naye kimwili, la sivyo ashtakiwe. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikifuta, ikiona hakieleweki vizuri na kinaingilia faragha. Mtu anayeweza kufungwa kwa kujua hali yake ana sababu ya kutokwenda kupima.

Uganda ilipata mwalimu wake mapema. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi nyumbani na kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Wapo waliodhani anatafuta pesa. Akaendelea kuzunguka mashuleni na makanisani, akizidi kukonda mbele ya macho ya wasikilizaji wake, mpaka alipofariki Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 38. Kinachosahaulika katika habari yake ni kwamba Lutaaya hakuzungumza kwenye nchi tupu. Miaka miwili kabla, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alikuwa ameanzisha na wenzake shirika la TASO, ambalo kazi yake ya kwanza ilikuwa ushauri nasaha. Aliyemsikia Lutaaya akapata nguvu ya kusema alikuwa na mahali pa kwenda kusema.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa heshima. Wazee wengi wa pwani, na viongozi wengi wa dini, watasema kwamba haya yote ni utamaduni wa kigeni wa kuanika mambo ya ndani. Kwamba kwetu stara ni fadhila, na aliyestiriwa na Mungu hajifichui. Wana haki. Stara imewalinda watu wengi dhidi ya ukatili wa majirani. Lakini stara haijawahi kumaanisha upweke. Jamii hizi hizi ziliteua watu maalumu wa kusikiliza mambo ya mwili, zikawapa cheo.

Msichana wa pwani alipovunja ungo alikuwa na somo wake. Huyo ndiye aliyemfunza usafi, hedhi, unyumba na adabu zake, akamsindikiza harusini, na alibaki wake hata baada ya ndoa. Ugomvi wa chumbani ulirudi kwake kabla ya kufika kwa wakwe. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki Zanzibar Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini nyumbani alikuwa pia mwalimu wa unyago, mwenye ngoma zake na wari wake. Wavulana walikuwa na jando na makungwi wao. Baganda wana ssenga, dada wa baba. Na karibu kila kabila lilikuwa na utani wa bibi na mjukuu: bibi anayemwita kijana wa miaka 16 "mume wangu" amefungua mlango wa kuulizwa mambo ambayo mama asingeulizwa kamwe.

Haifai kuyapamba. Unyago ulifundisha zaidi ya ulivyosikiliza, na mengi ya mafundisho yake yalihusu kumridhisha mume. Mahali pengine msichana alitoka ndani akiwa mwali na kuolewa kabla mwili haujakomaa. Binti aliyeingiliwa na mjomba wake hakuwa na hakika kwamba somo atasimama upande wake. Hata hivyo kulikuwa na kiti, na mtu aliyekikalia alijulikana kwa jina. Familia zilipohamia mjini, bibi akabaki kijijini, shangazi akawa na zamu hospitalini au kibanda sokoni, na shule ikachukua saa zote za mchana, kiti kile kilibaki wazi. Shule haikuteua mtu. Ilimpa mwalimu wa biolojia sura moja ya kitabu.

Magazeti yaliingia pengoni. Taifa Leo la Kenya lina safu yake ya Shangazi Akujibu, na nchini Tanzania jarida la Fema, lililoanza mwaka 1999, lilikuwa kwa vijana wengi maandishi ya kwanza kuzungumzia mwili bila kuwatukana. Barua ya msomaji asiyetaja jina inafanya jambo alilolifanya Pennebaker: inampa mtu nafasi ya kupanga matukio na hisia zake kwa sentensi. Simu ya mkononi inaonekana kufanya hivyo hivyo, ila haina usiri. Maneno aliyotumiwa rafiki mmoja usiku yanaweza kupigwa picha na kufika kwenye makundi matano ya WhatsApp kabla ya alfajiri. Kenya ilitunga sheria mwaka 2018 inayomwadhibu anayesambaza picha za faragha za mwingine, na hiyo ni hatua njema. Lakini sheria humfikia aliyesambaza baada ya picha kuonekana.

Watu wengine hawapati sikio mpaka wamechelewa. Januari 2014 mwandishi wa Kenya Binyavanga Wainaina, akitimiza miaka 43, alichapisha insha ambamo anamwambia mama yake, akiwa kitandani hospitalini, kwamba anavutiwa na wanaume. Tukio hilo halikutokea. Mama yake alifariki Julai 2000 na mwanawe hakuwa amewahi kumwambia. Insha yenyewe inasema hivyo. Desemba 1, 2016, alitangaza pia kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, na mwaka 2019 akafariki Nairobi. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wowote wa dini au sheria juu ya maisha yake. Jambo la kuliona hapa ni kwamba mtu hodari wa maneno kuliko karibu wote wa kizazi chake alihitaji miaka 13 baada ya msiba ili kulitunga jibu la mama. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki wapo vijana wenye siri kama yake, na wanasikiliza kwa makini mno kila neno linalosemwa mezani kuhusu watu wa namna hiyo. Kwa maneno hayo wanajua tayari watajibiwa nini.

Sasa, je, kiti kilichoachwa wazi kinaweza kukaliwa tena? Kinaweza, na hili halihitaji maelfu ya madaktari. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Mama wa binti huyo akamweleza kwamba hawakuwa na nauli ya basi ya kufika hospitalini. Mwaka 2006 Chibanda aliomba wauguzi, akakosa. Akaomba chumba, akakosa. Alichopewa ni akina bibi 14 wahudumu wa jamii wa Mbare, Harare, na bustani ya kliniki. Wakawekewa benchi chini ya mti. Bibi alifundishwa kusikiliza, kumsaidia mtu achague tatizo moja kati ya mengi, na kulipangia hatua ndogo ya kuanzia. Jaribio la watu 573 katika kliniki za Harare lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliokuwa na dalili za sonona kwenye kundi la benchi walikuwa kama asilimia 14. Kwenye kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Wengi wa walioketi pale walikuwa wanawake, na si wachache walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Benchi hilo sasa limefika hata Zanzibar, na hapo ndipo mahali ambapo Bi Kidude angelielewa bila kuelezwa.

Kenya imejaribu njia nyingine, ya vijana kwa vijana. Mpango wa Shamiri, ulioanzishwa na Tom Osborn, huwatumia vijana waliomaliza sekondari, waliopewa mafunzo mafupi, kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao 4. Jaribio la wanafunzi 413 lililochapishwa mwaka 2021 lilikuta dalili za sonona na wasiwasi zimepungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Cha kuangaliwa ni kwamba vikao hivyo havimlazimishi mtu kutoa siri. Vinazungumzia kukua, kushukuru na kile mtu anachokithamini. Kijana hujikuta mahali salama kwanza. Akitaka kusema, atasema.

Shirika la Afya Duniani limewaandikia wahudumu wa afya mwongozo wa kumpokea aliyetendewa ukatili, na mwongozo huo mama yeyote, kaka yeyote au mwalimu yeyote anaweza kuushika: sikiliza bila kukatiza, muulize anahitaji nini sasa, mwonyeshe kwamba unamwamini, hakikisha yuko salama, muunganishe na msaada. Kwa maneno ya nyumbani: "Pole. Nakuamini. Si kosa lako. Unataka tufanye nini kwanza?" Kisha kimya. Asiulizwe mara tatu tatu, wala asiahidiwe usiri usiowezekana, maana akiwa mtoto na mtu anamdhuru, lazima watu wa kumlinda wajulishwe, na ni bora ajue hivyo mapema kuliko kusalitiwa baadaye.

Na kijana mwenyewe hana deni la kumwambia kila mtu. Anaweza kuanza kwa kuandika, dakika 15, karatasi aichane akitaka. Anaweza kumpima mtu kwa jambo dogo kabla ya lile kubwa, asikilize jinsi anavyozungumzia siri za wengine, na amwache kama hafai. Jibu baya la kwanza halimaanishi kwamba watu wote wako hivyo. Inafaa kujaribu sikio la pili, liwe la muuguzi, mnasihi, bibi, padri au shehe anayejulikana kwa kutunza neno.

Wazazi, walimu na viongozi wa dini waliofika mwisho wa mhadhara huu waombwe jambo moja: kila shule, kila msikiti na kila parokia itaje mtu wake mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wafundishwe kusikiliza, na majina yao yabandikwe pale vijana wanapopita. Hospitali kadhaa za Tanzania tayari zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mnasihi hupatikana chini ya paa moja. Na ambako bado hakuna mtu aliyetajwa, simu ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya pia, ni 116, na kuipiga ni bure.